Mtanganyika Ndani ya Santuri ya New York

Huku juu Sumbawanga upepo umeanza kuuma, najua wengi mmeshafunga milango. Sogezeni redio karibu. Leo nataka tuzungumze habari za santuri moja iliyotengenezwa New York zaidi ya miaka 60 iliyopita, ambayo ndani yake mna sauti ya mtu wa kwetu.

Ilikuwa Novemba 1960. Mpiga piano Mmarekani mweusi aitwaye Randy Weston aliwakusanya wanamuziki zaidi ya 20 studioni: wapiga tarumbeta, tromboni, saksafoni, filimbi, gitaa, besi mbili, na wapiga ngoma wa kila aina. Waliokuwa mle si watu wa kubahatisha. Max Roach alikuwapo kwenye dramu. Clark Terry na kijana Freddie Hubbard walikuwapo kwenye tarumbeta. Yusef Lateef alikuwapo, na Ron Carter, ambaye miaka michache baadaye angepiga besi katika kundi la Miles Davis. Mpenzi yeyote wa jazi ya miaka hiyo akisomewa orodha ile anakaa sawasawa kwenye kiti. Na kazi yao waliipa jina la Kiswahili: Uhuru Afrika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Sehemu ya kwanza kabisa ya santuri hiyo inaitwa Uhuru Kwanza, na humo mna mtu anayenena kwa Kiswahili. Haimbi, ananena, kwa utulivu wa mtu anayetoa tamko mbele ya kadamnasi. Mtu huyo ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Sanga! Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akilisikia jina hilo hahitaji kuambiwa linatoka wapi. Ni jina la Ukinga, kule Makete, na baadaye bwana huyo alirudi nyumbani akawa mbunge wa Makete. Kutoka hapa Sumbawanga ukashika barabara ya Tunduma, ukapita Mbeya, ukapanda milima kuelekea Makete, ndiyo njia ya kwenda kwao. Ni jirani yetu.

Ilikuwaje sauti ya mtu wa Makete ikaingia kwenye santuri ya jazi Marekani? Hapa ndipo palipo na utamu wa habari yenyewe.

Randy Weston alizaliwa Brooklyn mwaka 1926. Baba yake alimlea akimsisitizia jambo moja: kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba historia yake haikuanzia kwenye meli ya watumwa. Nyumbani kulikuwa na vitabu na ramani za Afrika. Kijana akakua na kiu hiyo. Akaingia sinema akaona Afrika inavyoonyeshwa kule: watu wasio na lugha, wanaopiga kelele tu vichakani. Jambo hilo lilimkera, na alipopata wazo la kutunga kazi kubwa ya kuzishangilia nchi za Afrika zinazojitawala, aliamua kwamba lazima lugha ya Kiafrika isikike humo, na isikike yenye heshima yake kamili. Ipi sasa, katika mamia ya lugha? Akawauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, hapo hapo New York. Wakamwambia Kiswahili.

Tukumbuke Tanganyika ilikuwa nini wakati ule. Haikuwa koloni la kawaida kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiisimamia, kwa hiyo mambo yetu yalijadiliwa New York. Mwalimu Nyerere alikwenda kule Machi 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, akarudi tena mwaka uliofuata. Watanganyika walikuwa wanajulikana kwenye korido zile. Ndiyo maana mwanamuziki wa Brooklyn aliyetafuta sauti ya Kiswahili hakuhitaji kupanda ndege kwenda Dar es Salaam. Alimpata Sanga palepale mjini.

Maneno yenyewe yalitungwa na Langston Hughes, mshairi mkubwa wa watu weusi wa Marekani, aliyeandika pia mashairi ya sehemu ya pili, African Lady, wimbo wa kumsifu mwanamke wa Kiafrika. Tamko la mwanzo likatiwa Kiswahili, Sanga akalisema, na kwa Kiingereza likawa kwa Brock Peters, mwigizaji mwenye sauti nzito inayotoka tumboni. Hughes na Weston walikuwa marafiki wa kweli. Mshairi alipofariki mwaka 1967, Weston ndiye aliyepiga muziki kwenye mazishi yake, kwa sababu marehemu mwenyewe alitaka hivyo.

Kuna mtu mwingine ambaye nisipomtaja nitakuwa nimemdhulumu: Melba Liston. Mwanamke huyu alikuwa mpiga tromboni, katika zama ambazo mwanamke mwenye tromboni jukwaani alitazamwa kama kitu cha ajabu. Yeye ndiye aliyempangia Weston muziki wote. Weston alikuja na nyimbo akiwa na piano yake. Melba akaamua tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zijibu nini, filimbi inyamaze lini. Kila mwanamuziki alipokea karatasi yake imeandikwa. Kwa maoni yangu nusu ya sifa ya santuri ile ni ya mama huyo, na inanisikitisha kwamba jina lake hutajwa mwishoni, kama wanavyotajwa wapishi baada ya karamu.

Halafu kuna ngoma. Pale kati ya dramu tatu za jazi waliketi wapiga ngoma watatu wengine. Babatunde Olatunji, kutoka Nigeria. Candido Camero na Armando Peraza, wote wawili kutoka Kuba. Hawa Wakuba walikuwa wapiga tumba. Nasema tumba kwa makusudi, maana mpenzi wa dansi la zamani hapa Tanzania anaijua tumba kabla hajaijua jazi ya New York.

Tumba imetufikiaje sisi? Kwa santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni, ilianza kuuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, zilizopewa namba zinazoanza na herufi GV. Zilikuwa nzito, nyeusi, ukiangusha zinavunjika kama chungu, na upande mmoja ulibeba dakika tatu tu. Gramafoni ulizungusha kwa mkono, na sindano za chuma zilichakaa upesi, ukizibadilisha kila mara. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Tabora walizisikiliza santuri hizo mpaka wakazishika. Salum Abdallah wa Morogoro alipounda bendi yake hatimaye aliiita Cuban Marimba. Na wengine wengi waliita bendi zao Jazz: Dar es Salaam Jazz, iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, na baada ya uhuru NUTA Jazz.

Wako wanaodai kwamba vijana wetu walikosea, kwamba walichopiga hakikuwa jazi. Sikubaliani nao. Jazi kwao ilimaanisha muziki wa mjini wenye tarumbeta, saksafoni na magitaa, wa watu wanaovaa suti wakacheza wawili wawili. Walisikiliza Kuba, na Kuba ilikuwa imesikiliza Afrika. Kisha mwaka 1960 huko New York, mpiga piano Mmarekani anapotaka kuikaribia Afrika, anawaita Wakuba haohao na tumba zilezile. Kwa hiyo ukiiweka Uhuru Afrika upande mmoja na santuri ya Cuban Marimba upande wa pili, hazifanani mwendo, lakini zina jamaa mmoja. Huyo jamaa ni mpiga tumba.

Na huku kwetu Ufipa je? Msidhani tulikuwa mbali na haya. Kabla ya mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974, na miaka mingi kabla ya lami ya kutoka Tunduma, vijana wa Kifipa walitembea. Walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine walivuka mpaka wakapita Abercorn, ambayo leo ni Mbala, kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Aliyefanikiwa alirudi na baiskeli, mablanketi, cherehani, na mwenye bahati alirudi na gramafoni. Na mwaka 1949 redio ya Lusaka ilipoanza kusambaza redio ndogo ya betri iliyokuwa na umbo la sufuria, kwa bei ya pauni tano, upande huu wa mpaka nao haukuwa mbali na sauti hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 tu, na ilichukua muda kuimarika. Uwanda wetu ulisikiliza pande mbili, na ziwani meli ya Liemba ilileta watu na mizigo kutoka Kigoma na Mpulungu.

Nirudi Marekani kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo watu wa Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, watalipenda. Uhuru Afrika haikuwa santuri ya kwanza ya jazi kulishika jina letu. Mwaka 1956 Buddy Collette wa Los Angeles alitoa santuri iitwayo Tanganyika. Mwaka 1958 Wilbur Harden, mpiga tarumbeta, na John Coltrane, ambaye wengi humhesabu kuwa mpiga saksafoni mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, walirekodi pamoja kwa kampuni ya Savoy, na moja ya kazi zao ikaitwa Tanganyika Strut, yaani mwendo wa maringo wa Tanganyika. Ni muziki mzuri. Coltrane yumo na ile sauti yake pana, Curtis Fuller anamfuata na tromboni. Lakini ukisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho hukuti Tanganyika humo. Jina lilikuwa kwenye magazeti, lilikuwa na mlio mzuri, likatumika. Silaumu, hata kutajwa kwa heshima ni kitu. Ila nataka muione tofauti. Kwa Harden na Coltrane sisi ni jina kwenye kasha. Kwa Weston mmoja wetu amesimama mbele ya kipaza sauti, anasema kwa lugha yake, na wakubwa wa jazi wanamsubiri amalize ndipo waingie.

Na tazameni mwezi wenyewe. Novemba 1960 hiyohiyo, mpiga tarumbeta Louis Armstrong alikuwa Afrika, akizungushwa kwa ufadhili wa Serikali ya Marekani. Alipofika Leopoldville, Kongo, mwishoni mwa Oktoba wenyeji walimbeba juu ya kiti kama mfalme. Kisha alipelekwa mpaka Elisabethville, makao ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka hapa tulipo. Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeondolewa madarakani, wakati Armstrong anapokewa Leopoldville alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji huohuo, na Januari 17 mwaka uliofuata akauawa hukohuko Katanga. Armstrong alikuwa msanii mkubwa na mtu mwema, naye alishangiliwa kwa haki. Lakini safari yake ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mambo yake Kongo. Santuri ya Weston haikutumwa na serikali yoyote. Ilitoka kwa watu waliohesabu nchi 17 za Afrika zikipata uhuru mwaka mmoja, wakasema nasi tuna neno la kuchangia. Mimi ndiyo naiheshimu zaidi.

Serikali ya Afrika Kusini ya makaburu iliielewa vizuri sana. Iliipiga marufuku. Hakuna mhakiki aliyewahi kuiandikia santuri ile sifa iliyo wazi kuliko hiyo.

Sasa niseme kidogo kuhusu chombo chenyewe, maana bila chombo hicho kazi ile isingewezekana. Mpaka mwaka 1948 mwanamuziki alikuwa mfungwa wa dakika tatu. Mwaka huo kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, ya plastiki nyepesi, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Hapo mtunzi akaweza kufikiri kwa mapana. Uhuru Afrika ina sehemu nne zinazofuatana: tamko la uhuru, sifa za mwanamke wa Kiafrika, kisha Bantu, kisha Kucheza Blues, ambayo ni furaha ya watu waliokwisha kuwa huru. Huwezi kukata kipande ukasema umesikia. Lazima ukae, usikilize upande wa kwanza, uinuke, ugeuze, ukae tena.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Bendi zetu zilitoka zaidi kwenye santuri ndogo, zile za mizunguko 45. Wimbo wa dansi ukiwa mrefu ulikatwa katikati: maneno upande huu, na magitaa yanapochanganya, pale wachezaji wanapotaka kuruka, santuri inaisha. Unakimbia kuigeuza. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wanajua ninachokisema. Ukumbi mzima ulisimama ukingoja. Na hata santuri hizo hazikutengenezwa hapa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, viwanda vilikuwa Nairobi, na bendi zilisafiri kwenda kurekodi huko. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na kufika nao hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, sehemu kubwa ya kazi zake alizitolea Nairobi. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, umri wake haujafika miaka 35. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na njia ya santuri kuja huku ikawa nyembamba.

Kilichotuokoa ni Radio Tanzania. Bendi ziliingia studio zake Dar es Salaam, zikarekodiwa kwenye kanda, na kanda zikarushwa hewani nchi nzima. Ndiyo maana mtu wa Chala au Mpui ambaye hakuwahi kukanyaga Morogoro anaijua Morogoro Jazz wimbo kwa wimbo. Kanda zile ni hazina ya taifa, na hilo nalisema bila kupunguza. Lakini kanda hazina kila kitu. Kuna nyimbo zilizotoka kwenye santuri za Nairobi tu, nakala chache, zikanunuliwa na watu wa kawaida, zikapelekwa vijijini. Baadhi ziko humu mkoani. Ziko kwenye masanduku ya wazee, chini ya vitanda, zimefungwa kwenye magazeti. Nyingine watoto wamezifanya vibao vya kuchezea.

Ninyi vijana mlio na simu, tafuteni Uhuru Afrika ya Randy Weston, msikilizeni mzee Sanga akisema Kiswahili mwaka mmoja kabla ya bendera yetu kupanda. Weston mwenyewe alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 92, hivyo hatuwezi tena kumuuliza. Wa kuulizwa ni wazee wetu waliobaki.

Kwa hiyo naomba. Mwenye santuri nyumbani asiitupe wala asimuuzie mpita njia kwa bei ya vocha. Isimamishe wima kama kitabu, usiilaze chini ya mizigo, iepushe na jua na moto wa jikoni. Ishike pembeni, usiguse mistari kwa vidole. Ifute kwa kitambaa laini. Kisha kaa na mzee wako umuulize aliinunua wapi, lini, na nani alikuwa anaicheza, uandike majibu kwenye karatasi uiweke ndani ya kasha lake. Ukishafanya hivyo tuletee hapa kituoni, tutainakili mbele yako na utaondoka nayo siku hiyohiyo.